Milimita Kumi na Moja

Nives Tarditi alipima mara ya tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza hakuziamini.

Aliibana ncha ya futikamba kwenye kitovu cha gurudumu la mbele la kushoto, akaivuta polepole mpaka kwenye pua ya gari, akasoma. Akazunguka upande wa kulia, akapiga goti kwenye saruji baridi ya ghala, akapima vilevile. Kisha akaandika namba mbili kwenye daftari, moja chini ya nyingine, akatoa.

"Kushoto kumezidi kulia," alisema. "Milimita kumi na moja."

Dottore Casalegno, mkuu wa magari katika kampuni ya mnada, alikuwa amesimama mbali kidogo ili vumbi lisifikie koti lake. Alicheka.

"Maresciallo, bodi hili limefuliwa kwa nyundo. Halikutoka kwenye mashine. Magari yote ya enzi zile yamepinda. Hata mimi ukinipima mabega utakuta moja limeshuka."

"Wewe hakuna anayekuuza."

"Hilo nalo sina uhakika nalo," alisema Casalegno, akacheka tena peke yake.

Nives alikuwa ameacha kazi ya ukarabinieri, yaani uaskari polisi, miaka sita iliyopita, lakini Piemonte cheo hakistaafu, na wote waliendelea kumwita Maresciallo. Siku hizi aliandika historia za vitu vya zamani kabla havijapigwa mnada: michoro, fidla, magari. Alilipwa kutafuta ukweli, na waliomlipa kila mara walikuwa na ukweli wao waliokwisha kuuchagua. Alilijua hilo, na lilimkera kila asubuhi.

Gari lililokuwa mbele yake liliitwa Averla. Lilikuwa fupi, limelala chini, rangi ya divai iliyokaa sana chupani. Karakana ya Balmassa ya Grugliasco ililitengeneza kama mfano, likaonyeshwa Torino vuli ya mwaka 1969, likapigiwa makofi, na hakuna aliyeagiza hata moja. Jumatatu ya Pasaka ya mwaka 1972 karakana iliungua, na dunia nzima ya wapenda magari ikaamini kwamba Averla imeungua nayo. Bima ililipa. Sasa, miaka arobaini na saba baadaye, Averla ilikuwa imetolewa kwenye banda moja milimani Cuneo, nyuma ya magunia ya karanga za mlimani, na warithi wa Balmassa walitaka kuiuza.

"Yalikuwa mawili," alisema Casalegno, kama alivyokwisha kusema mara nne. Alimwelekeza kwenye kibao kidogo cha shaba karibu na injini. "Soma mwenyewe. Sifuri sifuri mbili. Na hii hapa ankara: chasisi mbili zilinunuliwa. Moja ikaungua, hii ndiyo ya pili. Na huu mchoro wa mwenye karakana, Commendatore Balmassa mwenyewe, wenye saini. Unataka nini tena? Ijumaa katalogi inakwenda kwa mpiga chapa."

"Leo Jumanne."

"Ndiyo maana nasema."

Nives aliuchukua mchoro, akautandaza juu ya boneti, akaufuata kwa kidole mpaka kwenye pua. Akaandika namba ya tatu kwenye daftari. Casalegno hakuuliza ni ya nini.

"Kama lilikuwa moja tu," Nives alisema, "basi siku ile hakuna gari lililoungua. Na kuna mtu alifungwa kwa kulichoma."

"Huyo alishakufa, maskini."

"Mtoto wake hajafa."

Casalegno alitazama saa yake. "Andika mawili, Maresciallo. Mawili hayamuumizi mtu."

*

Mtoto wa aliyefungwa aliitwa Marilena Gribaudo, mwanamke wa miaka hamsini na saba, mpishi wa shule. Alichagua wakutane kwenye baa iliyokuwa ikitazamana na mahali ilipokuwa karakana. Siku hizi hapo palikuwa na duka kubwa la vyakula vya mbwa na paka.

"Baba alivunjika mgongo kwa kazi hapo," alisema, akionyesha kwa kidevu. "Sasa paka wanachagua ladha."

Aliweka mezani kopo la biskuti lililoota kutu pembeni. Ndani mlikuwa na picha za mwanamume mfupi mwenye masharubu, kadi ya chama cha wafanyakazi, na barua moja iliyokunjwa mara nne. Nives aliifungua. Ilikuwa barua ya onyo ya tarehe tano Novemba 1969, iliyoandikwa kwa taipu: kwa kuwa upande wa kushoto wa Averla umezidi ule wa kulia kwa milimita kumi na moja, na kwa kuwa upande wa kushoto ulifuliwa na Oreste Gribaudo, mfanyakazi huyo anakatwa siku mbili. Chini, kwa penseli, mtu alikuwa ameandika: *Si kweli.*

Nives aliisoma mara mbili. Kumi na moja. Onyo lilihusu gari la maonyesho, yaani gari la kwanza, lile linalosemwa liliungua. Na milimita kumi na moja zilezile alikuwa amezipima asubuhi hiyo, kwenye gari linalosemwa ni la pili.

"Hii aliitunza maisha yake yote?"

"Aliitunza kuliko cheti cha ndoa. Mama alikuwa anamcheka. Baba alisema, kunifunga wamenifunga kwa uongo, hiyo naielewa, matajiri ndio kazi yao. Lakini kuniambia sijui kupima!" Marilena alikunja barua taratibu. "Fundi yule, Maresciallo. Kiburi chake chote kilikuwa mkononi."

"Siku ya moto alikuwa wapi?"

"Waliomfunga hawakukuambia? Alikuwa na mimi." Sauti yake haikupanda, lakini vidole vilianza kulisukuma kopo huku na huku. "Jumatatu ya Pasaka watu wote wanakwenda kula nje. Tulikwenda mto Sangone, chini ya daraja, mimi na yeye tu, Mama alikuwa na homa. Tukala kimanda cha mboga. Mahakama ilisema saa tano asubuhi yuko karakanani anawasha moto. Saa tano asubuhi alikuwa ananifundisha kurusha kokoto juu ya maji."

"Ulisema hayo mahakamani?"

"Nilikuwa na miaka kumi. Nilisema yote. Nikasema tena kwamba lori lilipita darajani, lina turubai la buluu, nikalipungia mkono. Wakatafuta lori, wakasema hakuna lori lililotembea sikukuu ile. Hakimu akavua miwani, akaniambia mtoto mwema ni yule anayempenda baba yake. Watu ukumbini wakatabasamu. Hao waliotabasamu nawachukia mpaka leo."

Oreste alihukumiwa miaka sita kwa ushahidi wa mtu mmoja: Secondo Vercellino, fundi mwenzake, aliyeapa kwamba alimwona akitoka karakanani kwa mlango wa nyuma. Alitumikia minne, akatoka na kifua kibovu, na hakuna karakana iliyompa nyundo tena. Alikufa mwaka 1981 akifagia soko la Porta Palazzo.

"Sikuahidi kitu," alisema Nives.

"Sijakuomba ahadi. Nimekuomba uende kwa Secondo. Mimi nikienda nitamtemea mate, halafu hatasema."

*

Nives hakwenda kwa Secondo mikono mitupu. Asubuhi ya Jumatano alipitia idara ya zimamoto, ambako karani mmoja mwenye mafua alimchimbulia ripoti ya mwaka 1972. Aliisoma amesimama, kwenye korido.

Waliokagua majivu walikuta chasisi moja yenye kibao namba sifuri sifuri moja, injini moja, na vipande vya alumini visivyozidi kilo sita. Bodi la Averla lilikuwa na kilo themanini. Mkaguzi aliandika kwamba nyingine iliyeyuka ikaingia kwenye mfereji, na hakuna aliyekwenda kuuchungulia mfereji. Kisha mstari mmoja chini kabisa, ambao mahakama nzima iliuruka: *misumari ya inchi tatu, kilo nne, imelala juu ya chasisi katikati ya reli zake mbili.*

Alimuuliza karani kama paa la karakana lilikuwa la mbao. Karani akageuza kurasa, akapiga chafya, akasema ni zege na chuma. Nives akashukuru, akashuka ngazi.

Bado palikuwa na tundu moja, na Casalegno angelipitia akikimbia. Bodi za aina ile zilifuliwa juu ya kalibu ya mbao, sanamu kamili ya gari iliyoungwa kwa misumari, na fundi hupima bati lake juu yake. Kama kalibu yenyewe ilikuwa imepinda, kila gari lililotoka juu yake lingepinda vilevile, na Averla mbili zenye kosa moja zisingekuwa ajabu. Alihitaji kujua kosa lilikuwa la kalibu au la mkono. Mikono iliyojua ilikuwa miwili. Mmoja ulikuwa kaburini.

*

Mlango wa ghorofa ya nne, Borgata Paradiso, ulifunguliwa na mwanamke mwembamba aliyeshika kisu. Alikuwa Piera, mke wa Secondo, na jikoni kwake kulinuka vitunguu saumu na dagaa wa chumvi.

"Kama unauza Biblia, tunazo mbili," alisema.

"Nimekuja kwa habari ya Averla."

Piera alimtazama kuanzia viatu hadi nywele. "Basi umekuja kwa habari ya maiti. Ingia. Futa miguu. Na kaa upande wake wa kushoto, sikio la kulia lilikufa kwa nyundo."

Secondo Vercellino alikuwa amekaa mezani, miaka themanini na mitatu, shingo nene, viganja vipana vimelala juu ya kitambaa cha meza. Alimsalimu kwa kichwa. Nives aliweka simu yake katikati, akaomba ruhusa ya kurekodi. Mzee akainua mabega.

"Averla zilikuwa ngapi, Bwana Vercellino?"

"Mbili." Jibu lilitoka kabla swali halijapoa.

"Ya pili mliifua lini?"

"Baridi ya sabini na moja."

"Nani na nani?"

"Mimi na Gribaudo. Gari ni la watu wawili. Mmoja kushoto, mwingine kulia, mnakutana katikati. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu. Kama mapadre wawili kwenye misa moja."

"Na yeye alikuwa kushoto."

"Daima. Alitumia mkono wa kushoto, yule. Kila kitu chake kilikuwa kushoto, hata siasa."

Alicheka kidogo. Piera hakucheka, aliendelea kuwatoa dagaa miiba.

"Kalibu ilikuwa sawa?" aliuliza Nives. "Haikupinda?"

Mzee alikaa wima. Hilo lilimgusa mahali. "Kalibu ile niliijenga mimi na seremala Bosio, mama. Niliipima kila asubuhi kwa wiki tatu. Ungemwaga maji juu yake yangegawanyika nusu kwa nusu. Kalibu haikuwa na kosa."

"Basi kwa nini gari la maonyesho lilizidi kushoto milimita kumi na moja?"

"Kwa sababu Gribaudo alilizidisha! Ilitoka barua. Alikatwa siku mbili. Muulize yeyote."

"Aliyebaki ni wewe tu. Mkifua, hamsimami kupima pamoja? Huyu anaita namba yake, yule anaita yake?"

"Ndiyo kawaida. Kila jioni."

"Na kwa Averla mliitana namba?"

Piera ndiye aliyejibu, bila kuinua uso.

"Kuitana! Hao hawakuitana hata 'habari za asubuhi.' Tangu mgomo wa Septemba sitini na tisa mpaka siku ya pingu, sijasikia mmoja akimtaja mwenzake kwa jina."

"Piera."

"Piera nini? Nadanganya? Yeye alisimama nje getini na bendera, wewe ukaingia ndani kupitia dirisha la choo. Kesho yake mlango wetu umepakwa rangi nyekundu, neno moja, KRUMIRO, kubwa kama kitanda. Mvunja mgomo. Mwenye duka la mkate hakuniuzia mkate. Miezi mitatu nilikuwa nanunua mkate Rivoli, kama mkimbizi!"

"Aliyepaka alikuwa Gribaudo?" aliuliza Nives.

"Nani mwingine?" alisema Secondo.

"Ulimwona?"

"Nani mwingine, nimekwambia!"

Nives aliacha swali lile lilale. Akafungua daftari. Sasa alikuwa na hasira, ile baridi iliyokuwa ikimsaidia zamani kwenye vyumba vya mahojiano, na hakuona sababu ya kuificha.

"Sikiliza, nikuhesabie. Mafundi wawili hawasemezani. Kila mmoja anafua upande wake, hakuna anayeita namba, na gari linatoka limepinda milimita kumi na moja. Kalibu ilikuwa sawa, umesema mwenyewe, tena kwa uchungu. Kwa hiyo kosa lilikuwa la mikono na la kununiana. Sawa?"

"Sawa."

"Balmassa anawapigia kelele, anakata mishahara. Miaka miwili baadaye, kwa maneno yako, mnafua la pili juu ya kalibu ileile. Mnajua kosa lilipo. Na mnalirudia, pale pale, milimita kumi na moja, si kumi wala kumi na mbili."

Mzee alitazama simu iliyokuwa ikirekodi.

"Jana nimelipima hilo lenye namba mbili. Ni kumi na moja. Wewe ni fundi, Bwana Vercellino. Mkono unaweza kukosea vile vile mara mbili?"

Secondo alitazama viganja vyake. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee kweli.

"Hauwezi," alisema.

"Na hili hapa." Nives alisukuma nakala ya ripoti mezani. "Kilo nne za misumari, juu ya chasisi. Miaka yako yote uliwahi kupigilia gari msumari?"

"Kalibu ilikuwa inakaa humo humo karakanani," alisema mzee haraka, ule mkono wa mwisho wa mtu anayezama. "Iliungua nayo."

"Juu ya chasisi? Katikati ya reli? Ilipanda yenyewe?"

Piera aliweka kisu chini. "Secondo," alisema. "Dagaa nimemaliza. Sina kazi nyingine ya kufanya na macho yangu. Mwambie."

*

Alisema. Hakusema kama mtu anayetubu. Alisema kama anayeeleza kazi ilivyofanyika, hatua kwa hatua, na Nives alimwacha aende kwa mwendo wake.

Balmassa alikuwa amefilisika. Averla haikuuzika ikiwa nzima, lakini ilikuwa na bima kubwa ikiwa majivu. Na Commendatore hakuwa na moyo wa kuichoma. Aliipenda kuliko mke wake, alisema Secondo, na mke wake alilijua hilo. Kwa hiyo walichukua chasisi ya pili, ile iliyonunuliwa na haikuwahi kuvikwa bodi, wakaitia injini mbovu, wakapandisha kalibu juu yake, wakaivika vipande vya bati ili ionekane kama gari. Vibao wakavibadilisha: namba moja ikaenda kwenye jivu, namba mbili ikaenda kwenye Averla yenyewe. Jumatatu ya Pasaka, watu wote wakiwa mtoni na milimani, Balmassa aliwasha moto kwa mkono wake, na Secondo akaendesha lori kuelekea Cuneo.

"Ulipita wapi?"

"Barabara ya Sangone. Ile kuu ilikuwa na polisi wa sikukuu."

"Turubai la lori lilikuwa rangi gani?"

Mzee alimkazia macho. Alielewa mara moja kwamba Nives anajua.

"Buluu."

"Endelea."

"Nilikuwa darajani. Nikaangalia chini." Alisugua kitambaa cha meza kwa kidole gumba, kama anayetafuta donge kwenye bati. "Gribaudo alikuwa kwenye kokoto, ameinama, suruali ameikunja. Na yule mtoto wake, na gauni la njano. Mtoto akanipungia mkono."

Piera aligeuka kumtazama mumewe.

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa naendesha."

"Nauliza ulifanya nini."

"Nilimpungia," alisema Secondo. "Mtoto akikupungia, unampungia."

Piera alijifunika mdomo kwa kiganja chenye chumvi. Kumbe hata yeye hili hakuwahi kuambiwa. Nives akauliza la mwisho. "Mahakamani ulimsikia akilitaja lori?"

"Nilikuwa nimekaa benchi la mbele. Sikio lilikuwa bado zima." Akakohoa. "Commendatore alikuwa amenipa usimamizi wa karakana mpya. Na ule mlango mwekundu nilikuwa nauona kila nikifumba macho. Nikajiambia, acha naye watu wamnyooshee kidole. Nilidhani atapata mwaka mmoja."

"Alipata sita."

"Najua alipata ngapi!"

Nives aliyaandika yote kwa mkono, kurasa tatu, akamsomea polepole kwenye sikio zima. Alimweleza kwamba kosa lake mwenyewe limeshapitwa na wakati, hakuna atakayemfunga; lakini kwa karatasi ile mtoto wa Gribaudo anaweza kuomba hukumu ipitiwe upya na jina la baba yake lisafishwe. Secondo alisikiliza, akachukua kalamu, akasaini kila ukurasa kwa herufi kubwa za fundi. Ukurasa wa mwisho aliuzuia kwa kiganja.

"Ongeza kitu kimoja."

"Kipi?"

"Andika kwamba kulia kulikuwa sawa." Aliinua kichwa, na kile kiburi cha zamani kilirudi usoni kikiwa kizima. "Niliongopa, sawa. Nimefanya uchafu, Mungu ananiona. Lakini gari lilipindishwa na Gribaudo, si mimi. Barua ilitoka kwa jina lake. Hilo lisichanganywe na mengine. Mimi nilifua sawasawa na mchoro."

Nives angeweza kuandika akaondoka. Alifikiria hivyo, kwa sekunde moja hivi. Kisha akafikiria kopo la biskuti na neno lililoandikwa kwa penseli, akatoa nakala ya mchoro wa Balmassa kwenye mkoba, akaitandaza kati ya bakuli la dagaa na simu.

"Soma hapo. Kitovu cha gurudumu hadi pua."

"Macho hayaoni."

Piera alivaa miwani, akainama. "Mia tisa kumi na mbili," alisoma.

Nives aligeuza daftari lake, akaweka kidole kwenye namba za Jumanne. Piera akazisoma pia, moja moja, kwa sauti ya kumkaririsha mtoto. "Kushoto, mia tisa kumi na mbili. Kulia, mia tisa na moja."

"Rudia."

"Mia tisa na moja, Secondo. Wewe ndiye uliyepunguza."

"Haiwezekani. Niliipima kalibu kila asubuhi."

"Kalibu uliipima," alisema Nives. "Bati lako juu ya kalibu, alikupimia nani?"

Kiganja cha Secondo kikateleza taratibu kutoka kwenye karatasi. Nives akaivuta, akaikunja, akaitia mkobani pamoja na mchoro.

"Alikuwa hatua mbili kutoka kwangu," mzee alisema mwishowe. "Ningemwita tu namba."

"Ungemwita mengi," alisema Piera. Alibeba bakuli la dagaa, akalimwaga lote kwenye pipa la taka, akatoka jikoni.

*

Barabarani mvua ilikuwa imeanza. Simu ya Nives ilionyesha kwamba Casalegno amepiga mara tatu. Aliziruka simu zake zote tatu, akapiga kwa Marilena, akiwa amesimama chini ya kibanda cha kituo cha tramu.

"Bi Marilena. Lori limepatikana."

Kwa muda ilisikika milio ya masufuria tu, jiko la shule saa ya chakula. Kisha mtu akafunga mlango na milio ikakatika.

"Turubai lake?"

"Buluu. Aliyeliendesha alikuwa Secondo. Aliwaona wote wawili, na amesaini." Nives alisita, halafu akaona kwamba mwanamke huyu amedanganywa vya kutosha. "Anasema na yeye alikupungia mkono."

Nives akaibana simu sikioni.

"Ulijua?"

"Nilikumbuka," alisema Marilena. "Nilikumbuka kwamba dereva alinipungia. Lakini baada ya hakimu, nikajiambia hilo nimelitunga mwenyewe. Nikaliacha."

Alimwomba Nives asubiri kidogo. Akaiweka simu mahali fulani bila kuikata, na Nives alibaki ameshikilia yake sikioni, tramu ikapita, akasikia mwanamke wa miaka hamsini na saba akilia kwa sauti, kama mtoto.